Ghala limejaa na mtoto amedumaa: tunapima uzito, urefu hatuupimi

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Naandika kutoka mkoa wa Iringa, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani WAJA kama tunavyojulikana huku vijijini. Mimi si daktari wala afisa lishe, na anayefahamu zaidi yangu anisahihishe bila kusita. Nilichonacho ni kwamba nimewaning'iniza watoto wengi kwenye mzani na kujaza vidoti vingi kwenye kadi zao, na sasa nimefika mahali ambapo sina hakika kama vidoti vile vilikuwa vinawaambia wazazi ukweli wote.

Kila baada ya miezi mitatu tunakuwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mzani hufungwa kwenye tawi la mti karibu na ofisi ya kijiji, akina mama hupanga foleni na kadi zao za kliniki zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni, na mtoto mmoja mmoja huvalishwa ile kaptula ya kupimia huku akilia. Siku moja alikuja mama na binti yake aliyekuwa ametimiza miaka miwili wiki hiyohiyo. Uzito ulikuwa kilo 9.6. Nikaweka kidoti, kikaangukia kwenye kijani, yaani eneo la uzito mzuri kwenye kadi, mama akatabasamu na kuanza kumfunga mtoto mgongoni. Kwa kawaida mambo yangeishia hapo, lakini siku ile tulikuwa tumeazima ubao wa kupimia urefu kutoka zahanati. Nikamwomba asubiri. Mwenzangu akashika miguu, visigino vikagusa ubao, mimi nikashusha kile kibao cha juu hadi kwenye utosi: sentimita 78. Binti wa umri huo hutarajiwa kuwa karibu na sentimita 86, na mpaka wa chini kabisa ni 79 na kitu. Kwa maana nyingine, mtoto aliyekuwa kwenye kijani dakika tano zilizopita alikuwa amedumaa.

Nilipomweleza mama, hakukasirika. Alicheka kwa adabu, akanionyesha kwa kidevu watoto waliokuwa wakicheza pale uwanjani, akasema, "Mbona analingana na wenzake?" Nikatazama. Alikuwa anasema kweli, maana walikuwa wanalingana wote.

Jibu lile ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa nchi nzima watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Iringa ni 56.9, Njombe 50.4, na Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi, maharage, viazi, ngano na maparachichi hutoka huku kwa malori usiku na mchana. Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba udumavu wa taifa umekuwa ukipungua, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16, ilhali wa Iringa umepanda kutoka asilimia 42. Sasa katika kijiji ambamo zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, mtoto mfupi ndiye mtoto wa kawaida, na yule aliyekua sawasawa ndiye anayeambiwa kwamba amerefuka kama mlingoti. Jicho la mzazi haliwezi kuona kasoro ambayo kila mlango unayo.

Tatizo la kampeni zetu nyingi, kwa maoni yangu, ni picha tunazozionyesha. Bango la utapiamlo lina mtoto aliyevimba miguu na nywele nyekundu zilizonyauka, yaani kwashakoo, au aliyebaki mifupa mitupu kwa nyongea. Hali hizo zipo, ni za dharura, na mtoto wa namna hiyo hapelekwi mahali pengine isipokuwa hospitali. Lakini huku kwetu si nyingi. Mzazi anapoliona bango hilo na kumtazama mwanawe anayekimbia na mashavu yake yamejaa, anahitimisha kwa haki kabisa kwamba tangazo lile linawahusu watu wengine. Udumavu hauna sura ya kutisha. Ni njaa ya polepole ya protini, madini na vitamini, ikisaidiana na kuhara kwa mara kwa mara, ndani ya zile siku 1,000 za tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Mwili ukikosa vifaa vya kujengea unajenga nyumba ndogo, na ubongo ambao ulipaswa kujengwa katika kipindi hichohicho hupata hasara ambayo darasa la kwanza haliwezi kuirudisha yote.

Kisha kuna mama mwenyewe. Msichana aliyedumaa hukua akawa mwanamke mfupi mwenye nyonga nyembamba. Akibeba mimba akiwa na miaka 17 na damu haitoshi, kuna hatari kubwa ya uzazi kuwa mgumu na mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5, na mtoto huyo anaanza safari akiwa nyuma tayari. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa hiyo tunapomwita mama kwenye semina ya lishe ya mtoto bila kumuuliza yeye amekula nini tangu asubuhi, tunaanzia katikati ya hadithi.

Sababu za huku ninazoziona kwa macho ni hizi. Msimu wa palizi mama huondoka alfajiri na kurudi jioni, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba pamoja na chupa ya uji uliopikwa usiku, mwepesi kiasi cha kunyweka kama chai. Maharage yanalimwa lakini yanauzwa. Maziwa yanakamuliwa lakini yanaenda kwenye kituo cha kukusanyia. Kuku anataga lakini mayai ni ya kununulia chumvi na sabuni. Kuna pia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na mnisamehe wenyeji wenzangu, lakini tumeona msimu wa ulanzi ukifika watoto wadogo wakionjeshwa, eti ni mtamu na haujachacha. Na kuna firigisi, ambayo bado ni ya baba katika nyumba nyingi, hata pale mjamzito anapokuwa ndiye mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote mezani.

Nchi hii imewahi kufanya uhamasishaji wa kweli. Mwaka 1975, muda mfupi baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe kuundwa kwa sheria ya 1973, kulikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo wanakijiji walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kukubaliana watakachokifanya. Na kuanzia 1983, hapahapa Iringa, wakati ule Njombe ikiwa bado ni sehemu ya mkoa huu, kulikuwa na mradi wa lishe wa WHO na UNICEF uliofadhiliwa na Italia katika vijiji 168. Wazee huku bado wanaukumbuka. Watoto walipimwa kila robo mwaka, na majibu hayakufungiwa kwenye daftari la zahanati bali yalisomwa kwenye serikali ya kijiji: wangapi wamepungua, kwa nini, nani atafanya nini. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache, na mchoro maarufu wa UNICEF wa sababu za utapiamlo, ule wa mwaka 1990 unaofundishwa vyuoni dunia nzima, ulitokana kwa sehemu kubwa na yaliyojifunzwa katika vijiji hivyo.

Wakati ule walipima uzito, kwa sababu adui wao alikuwa ule utapiamlo mkali, na mzani ulimwona. Adui wa sasa mzani haumwoni. Hoja yangu basi ni nyepesi: kila kijiji kiwe na ubao wa kupimia urefu, upimaji ufanyike mbele ya baba na mama, na majibu yajadiliwe kwenye mkutano wa kijiji kama tunavyojadili mapato na matumizi. Kabla ya hapo, mabango ya makundi ya vyakula tutabandika hadi ukuta uishe.

Naomba kuwasilisha, na nakaribisha michango.

Jiwe la Mto

Mleta uzi, nakuheshimu kwa kazi unayoifanya, lakini nina shaka na vipimo vyenyewe. Hivyo vipimo vimetungwa na Wazungu kwa kutazama watoto wa Kizungu. Babu yangu alikuwa mfupi, baba mfupi, mimi mfupi, na sote tumelima, tumesoma na tumelea. Watu wa nyanda za juu ni wafupi kwa asili. Tusije tukaligeuza umbile la watu kuwa ugonjwa ili miradi ipatikane.

Mkaa Kijijini

Ndugu yangu, swali hili huulizwa katika kila mkutano, na ni swali la haki, hivyo nitalijibu kwa urefu kidogo.

Viwango tunavyotumia vilitolewa na WHO mwaka 2006 baada ya utafiti ulioanza 1997 katika nchi sita, ambazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto ambao mama zao hawavuti sigara, wananyonyeshwa inavyotakiwa, wanakula vizuri na wanaishi katika mazingira yenye afya. Ilipopimwa, mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walikua kwa mwendo unaokaribiana mno katika miaka mitano ya mwanzo. Tofauti za ukoo zipo kati ya mtu na mtu, na ndiyo maana mpaka wa udumavu umewekwa mbali kabisa na wastani, lakini hakuna ukoo unaoweza kuwaweka zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa mzima chini ya mpaka huo.

Tena jiulize: kama ni asili, imekuwaje asilimia za Iringa zipande kutoka 42 hadi karibu 57 katika miaka saba? Damu ya watu haibadiliki kwa kasi hiyo. Na kuhusu babu, baba na wewe kuwa wafupi kwa mfuatano, huenda ukoo wenu ni wa wafupi kweli, lakini inawezekana pia mmerithishana ghala lilelile na sufuria ileile.

Mama Mapacha wa Mbezi

Mimi niko Dar es Salaam na sina shamba, ila nina swali. Nilipojifungua kila mtu alinishauri ninunue unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu vingi: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, hadi dagaa na mbegu za maboga ndani ya mfuko mmoja. Wanangu waliutumia kwa miezi mitano na hawakuongezeka kitu, mmoja akawa anaharisha kila wiki. Nilipouliza kwenye kliniki moja niliambiwa tu nitakuwa siwalishi vizuri, nikarudi nyumbani nalia. Je, kosa lilikuwa langu?

Mkaa Kijijini

Dada yangu, pole sana, na hapana, hukufanya kosa. Ulifuata ushauri unaotolewa kila kona ya mji.

Unga wa namna hiyo una kasoro nne. Kwanza, mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni nafaka. Ukivichanganya vitano umepata nafaka ile ile kwa bei kubwa zaidi. Nafaka moja na jamii ya kunde moja vinatosha. Pili, soya haisagwi mbichi. Ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo ni lazima ichemshwe, ikaushwe, ndipo isagwe, na wauzaji wengi huikaanga kidogo kwa ajili ya harufu tu. Huenda kuhara kulitokea hapo. Tatu, karanga ikishasagwa huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake, na karanga pamoja na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ndiyo makao ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga isagwe nyumbani, ichambuliwe kwanza punje zilizosinyaa au zenye ukungu, na iongezwe kwenye uji siku hiyohiyo. Dagaa hali kadhalika wakae chombo chao.

Kasoro ya nne ndiyo kubwa, nayo ni maji. Tumbo la mtoto hubeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anajaa kwa kikombe kimoja kidogo. Ukimpa uji unaochuruzika amejaa maji na unga kidogo, analala, na wewe unaamini ameshiba. Chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe: uji mzuri hubaki kwenye kijiko.

Lakini uji mzito mtoto wa miezi saba huutema, utaniambia. Bibi zetu walikuwa na dawa yake, nayo ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, uanike, uusage. Pika uji mzito kabisa, uepue upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako na kuwa wa kunywewa, ilhali unga uliomo ni uleule. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo umpe. Wataalamu wetu waliuchunguza ujuzi huu tangu miaka ya 1980 na wakaukubali. Tumieni ulezi badala ya mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu inayohitaji kuondolewa. Inasikitisha kwamba huku kwetu kimea kinafahamika zaidi kwa pombe ya komoni kuliko kwa uji wa mtoto.

Pwani Kaskazini

Nachangia kutoka Kilifi, Kenya. Takwimu zetu za 2022 zilionyesha udumavu wa asilimia 18 kwa nchi nzima, lakini hapa Kilifi ni 37, juu kuliko kaunti nyingine zote. Kwa hiyo si nyinyi peke yenu.

Ninalotaka kuongeza ni kuhusu majina. Huku mtoto akikonda, akivimba au akichelewa kutembea, husemwa ana chirwa, maana yake mmoja wa wazazi amevunja mwiko wa ndoa. Naamini kwenu mna neno lenu. Nilimwona jirani yetu akimficha mwanawe ndani ya nyumba kwa wiki tatu, akitoka naye usiku tu kwenda kwa mganga, kwa sababu kumpeleka hospitali mchana kungekuwa ni kutangaza kijiji kizima kwamba yeye au mumewe ni mzinzi. Bango gani la makundi ya vyakula litamfikia mama huyo?

Mkaa Kijijini

Ahsante sana, umegusa jambo ambalo nililiacha kwa makusudi nikiona uzi utakuwa mrefu. Kwetu husema mtoto amebemendwa. Baba akitoka nje ya ndoa, au wazazi wakikutana mapema wakati mtoto bado ananyonya, basi mtoto hulegea miguu na kudhoofu. Ninavyoona, neno hili hufanya madhara mara mbili: humfanya mama aone aibu kutafuta tiba, na humfanya aliyeshika mimba nyingine amwachishe mtoto ziwa ghafla akiamini maziwa yameharibika.

Hata hivyo sipendi kuwacheka wazee. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu ugonjwa ambao Waga, yaani watu wa kabila la Ga la huko, waliuita kwashiorkor, ndiyo kwashakoo yetu, na mwaka 1935 akaeleza kwamba jina hilo maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mwingine anapozaliwa. Waga waliona, Wamijikenda wa huko Kilifi waliona, na wazee wetu waliona kwamba hatari huja pale mtoto anapofuatwa upesi na mwingine. Walichokosea ni kumtafuta mkosaji. Kwa hiyo mimi simwambii bibi kwamba kubemenda ni upuuzi, namwambia, "Bibi, mliona sawasawa kwamba mtoto asiharakishwe kupata mdogo wake. Sasa huyu amekwisha kuharakishwa, tumpe nini?" Hapo mazungumzo huendelea. Na mjamzito anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi yeye mwenyewe ale vya kutosha.

Mwalimu Mstaafu Songea

Nilikuwa kijana wakati wa Chakula ni Uhai, nilikuwa mwongozaji wa kikundi. Nathibitisha tulikaa chini ya mwembe na redio ya mkulima, na ubishi ulikuwa mkubwa kuliko kipindi chenyewe. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu mayai na wajawazito, kwamba mtoto atazaliwa bila nywele au atakuwa mwizi. Mzee mmoja alisimama akasema yeye mkewe alikula mayai na wanawe wana nywele, akawaita waje waonekane. Mjadala ukaisha hapo.

Hesabu Kwanza

Nimesoma uzi wote na ninakubaliana na mengi, lakini naona mnakwepa jambo la msingi, ambalo ni fedha na mamlaka ndani ya nyumba. Elimu haijazi sufuria. Mama anafahamu fika kwamba yai ni zuri. Hana ruhusa ya kulipika. Baba anauza magunia yote mwezi wa saba bei ikiwa chini kabisa kwa sababu ana deni la mbolea, na mwezi wa pili ananunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Katika hali hiyo kumpimia mtoto urefu mbele ya mkutano ni kumdhalilisha maskini hadharani.

Mkaa Kijijini

Umesema kweli nyingi, na sitakubishia kuhusu gunia wala deni la mbolea. Serikali imeagiza kila halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani, na mikataba ya lishe imesainiwa na wakuu wa mikoa tangu 2017 na kusainiwa upya 2022. Ni jambo jema, ila shilingi 1,000 kwa mwaka ni bei ya mayai mawili au matatu. Haitamwondolea mtu deni.

Lakini kuhusu kudhalilisha, narekebisha maneno yangu kwa sababu yaliandikwa vibaya. Majina ya watoto hayasomwi mkutanoni. Zinasomwa idadi tu, kitongoji kwa kitongoji. Kipimo cha mtoto huonwa na wazazi wake, na ninasisitiza wazazi wote wawili, kwa sababu hilo unalolisema la mamlaka ndilo sababu ya kumtaka baba awepo. Tumemwita mama kwenye semina kwa miaka 40, tukamfundisha mambo ambayo hana ufunguo wa kuyatekeleza. Mwenye ufunguo wa ghala hajawahi kushika ule ubao.

Nesi Asiye Zamu

Naongeza dogo kuhusu wajawazito, kwa kuwa limepita haraka. Vidonge vya kuongeza damu tunavigawa kwa wingi na vingi huishia juu ya kabati. Sababu ni kwamba mara nyingi sisi wenyewe hatuwaambii akina mama kwamba choo kitakuwa cheusi na kichefuchefu kinaweza kutokea, hivyo wanapoona hayo wanaogopa na kuacha. Meza usiku kabla ya kulala ikiwa asubuhi vinakusumbua. Meza pamoja na chungwa au maji ya limau, na chai ikae mbali navyo kwa saa moja au mbili, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vivyo hivyo kwa mboga za majani na maharage: ukila kisha ukashushia chai ya rangi, umepoteza sehemu kubwa ya ulichokifuata.

Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, jamani yasikamuliwe na kumwagwa. Mtoto apewe ndani ya saa moja ya kwanza.

Mkwe Mdogo

Naomba msaada. Mtoto wangu ana miezi mitatu, na mama mkwe anasema analia kwa sababu maziwa hayatoshi, anataka aanze uji mwepesi. Nampenda na ninamheshimu, ndiye aliyenipokea. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Nesi Asiye Zamu

Usibishane naye, mdogo wangu. Mwombe msindikizane kliniki siku ya kupima, umwambie, "Mama, naomba twende wote ukasikie kama maziwa yangu yanatosha." Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na anayeongezeka uzito anashiba. Akilisikia kwa muuguzi, tena ukiwa umemwita kama mshauri, yeye ndiye atakayekuwa mlinzi wako dhidi ya majirani. Uji usubiri miezi sita itimie.

Mkaa Kijijini

Naleta mrejesho, kwa kuwa wengi mmeuliza kwenye ujumbe binafsi kuhusu yule binti wa sentimita 78.

Juzi tulikuwa na siku ya kupima tena. Ubao wa zahanati ulikuwa umeazimwa na kijiji kingine, hivyo fundi seremala wetu ametuchongea wa mbao ya mkaratusi, nikabandika juu yake utepe wa kupimia na kuulinganisha na ule wa zahanati kabla ya kuutumia, maana kosa la sentimita moja linaweza kumtoa mtoto kundi moja na kumwingiza jingine. Binti alipima sentimita 80 na nusu. Amekua mbili na nusu kwa miezi mitatu, huo ni mwendo mzuri kwa umri wake, lakini mpaka nao umesogea, kwa hiyo bado yuko chini yake.

Safari hii aliletwa na baba. Alishika miguu yeye mwenyewe, akaibana mno hadi mtoto akalia, nikamwonyesha namna ya kukandamiza magoti taratibu. Alitazama namba kwa muda, akaniuliza ule mstari upo wapi, nikamwonyesha, akaupima umbali wake kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha akauliza kama mkewe, ambaye ana mimba ya miezi minne, naye huwa anapimwa kitu. Nikamwambia hupimwa damu na mzingo wa mkono. Akasema watakuja wote Jumatatu.